Kandanda, King'amuzi na Mfuko wa Mvuvi

Usiku wa tarehe 3 Juni, 2023, nilikuwa katika kisiwa kimoja cha delta ya Rufiji kwa shughuli za Chama. Timu ya Yanga ilikuwa Algiers ikirudiana na USM Alger katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, baada ya kufungwa 2-1 Dar es Salaam siku sita kabla. Banda la makuti lenye king'amuzi kimoja na jenereta moja lilifurika hata watu wakasimama nje, wakichungulia juu ya mabega ya wenzao. Walikuwa wamekuja kwa mitumbwi tangu alasiri, maji yakiwa yamejaa, na kila mmoja alitoa shilingi 500 mlangoni. Yanga ilifunga mapema kwa penalti ya Djuma Shabani, ikashinda 1-0, lakini kombe likabaki Algiers kwa kanuni ya bao la ugenini. Tulipotoka, bahari ilikuwa imekupwa. Ilikuwa bamvua, mwezi ukikaribia kutimia, na mitumbwi yote ilikuwa imelala juu ya tope. Hapana aliyeondoka mpaka maji yaliporudi karibu na alfajiri.

Mzee mmoja aliyeketi karibu nami akatikisa kichwa. "Mia tano ni kiingilio tu, mwanangu," akasema. "Bei yenyewe ndiyo hii."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria suala la bei ya kandanda. Malalamiko ni mengi, Kibiti mjini hata Nyamisati, kwamba ada za ving'amuzi zinapanda kila baada ya muda, na kwamba mechi anazozitaka mtu huhamishiwa kifurushi cha juu zaidi. Je, inastahili kuendelea kulipa?

Wazee wetu hawakuwa na swali hili. Simba ilipofungwa 4-0 nyumbani na Mufulira Wanderers mwaka 1979, kisha ikaenda Lusaka na kushinda 5-0, habari zile zilifika vijijini kwa redio, na gharama ya msikilizaji ilikuwa ni betri. Taifa Stars ilipocheza fainali za Mataifa ya Afrika kule Lagos mwaka 1980, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, lakini Bara tulingoja mpaka miaka ya 1990. Azam TV ilipoanza mwaka 2013 na kuonyesha Ligi Kuu moja kwa moja, mtu wa Mbwera aliweza kwa mara ya kwanza kuuona uwanja ambao babu yake aliusikia tu. Hiyo si neema ndogo, na anayeibeza hajakaa kisiwani.

Kwa Ligi yetu, pesa ile ina njia inayoonekana. Mwaka 2021 Azam Media ilitia saini na Shirikisho la Mpira wa Miguu mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ukigawa kwa usawa ni zaidi ya bilioni 22 kwa mwaka. Kwa hiyo mvuvi anayelipia kifurushi chenye Ligi Kuu ni mfadhili wa klabu, apende asipende, ingawa jina lake haliandikwi kwenye jezi. Haikupita miaka miwili baada ya mkataba ule, Yanga ikawa fainali. Na mwaka 2025 Simba nayo ikafika fainali ya kombe hilo hilo, ikafungwa 2-0 Berkane na kutoka sare ya 1-1 pale Amaan. Sisemi kwamba mkataba pekee ndio uliofanya hayo, ila timu hazisafiri kwa dua tu.

Kandanda la Ulaya lina habari nyingine. Tangu Ligi Kuu ya Uingereza ianzishwe mwaka 1992, haki zake zimekuwa zikiuzwa kwa wenye televisheni za kulipia, na bei hupangwa kwa fedha za kigeni ambazo shilingi yetu huzikimbiza kwa taabu. Aliyenunua kwa ghali huuza kwa ghali. Wapo watakaosema dawa ni ushindani. Ushindani ulijaribiwa mwaka 2007, kampuni ya GTV ilipopata haki za ligi hiyo kwa Afrika na kuuza ving'amuzi kwa bei nafuu. Mwezi Januari 2009 ilifilisika, skrini zikawa nyeusi, na waliolipa wakabaki na masanduku ya bati. Na mwaka 2025 MultiChoice, wenye DStv, walinunuliwa na Canal+ ya Ufaransa. Wakubwa wanazidi kuwa wachache, na mnunuzi mdogo hana mahali pa kukimbilia.

Tufanye hesabu, maana mapenzi ya timu hayaoni tarakimu. Tuseme kifurushi chenye mechi zote ni shilingi 35,000 kwa mwezi. Msomaji aweke bei yake mwenyewe. Kwa mwaka ni 420,000. Kwa kiingilio cha 500, fedha ya mwezi mmoja inatosha kuingia bandani mara 70, na hapana mwanadamu mwenye shamba au wavu anayetazama mechi 70 kwa mwezi. Ongeza betri ya sola au petroli, kwa wale ambao waya wa umeme haujavuka mikoko yao, licha ya mto wao wenyewe kuzalisha umeme kwenye Bwawa la Julius Nyerere. Tena mwezi wa kampuni si mwezi wa mvuvi. Kambamiti wana msimu, mpunga una msimu, lakini siku za kifurushi huhesabiwa mfululizo, dishi likifanya kazi lisifanye. Wakati wa mafuriko ya Aprili 2024 nilikuwa nimelipia mwezi mzima, na katika mwezi huo nilitazama siku nne. Kampuni sitaitaja. Nilipopiga simu kuuliza kama siku zangu zinaweza kurudishwa, dada aliyepokea alicheka kwa adabu.

Vifurushi vya siku na vya wiki ambavyo baadhi ya kampuni zimeanza kuviuza ndivyo vinavyomfaa mtu wa delta. Kutazama kwa simu wengi wanakusifu, lakini mechi moja hula zaidi ya gigabaiti moja, na mtandao wenyewe huja na upepo. Hilo tuliwachie walio karibu na mnara.

Lililobaki ni banda, na hapa nazungumza na maafisa. Mwenye banda mara nyingi hulipia kifurushi cha nyumbani huku akitoza kiingilio, jambo ambalo kampuni zinalikataza, na wapo wanaotumia Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 kumdai kibali. Sheria ni sheria. Lakini kumfungia mtu mwenye viti 40 na jenereta la mkopo si kuilinda sheria. Tukumbuke mwaka 2017, pikipiki zilipozuiwa wilayani Kibiti, Rufiji na Mkuranga kuanzia saa 12 jioni kwa sababu za usalama. Vijana walikosa pa kukutana, na kila mzazi alijua uzito wake. Ushirika wa kijiji, ukilipia kifurushi cha biashara kwa pamoja na kukata kibali kimoja, ungeondoa ugomvi huu. Halmashauri iwasaidie kuandika maombi badala ya kungoja kuwatoza faini.

Kwa wakubwa zaidi nina jambo moja. Uingereza, kwa Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1996, inayo orodha ya michezo, fainali za Kombe la Dunia zikiwamo, ambayo haiwezi kufungiwa kwenye televisheni za kulipia peke yake. India kwa sheria ya mwaka 2007 humlazimisha mwenye haki za mechi zenye uzito kwa taifa kugawana matangazo na shirika la umma. Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 tumepewa sisi, Kenya na Uganda. Itakuwa aibu Taifa Stars icheze Dar es Salaam, na mtu wa Salale aambiwe kifurushi chake kimekwisha. Yafaa mikataba isomwe mapema, wakati wino haujakauka.

Nyumbani kwangu nimeshuka kifurushi. Mama watoto alikuwa amelisema tangu zamani, kwamba anayelipia mpira wa Ulaya huku ada ya chuo cha mtoto ina deni anafanya israfu, na sikuwa na aya ya kumjibu. Nimebakisha cha Ligi yetu na taarifa ya habari. Mechi kubwa naenda bandani na mia tano yangu. Na nikiitwa delta siku ya mechi, huuliza kwanza maji yanakupwa saa ngapi.