Kwa nini kasi ya intaneti unayolipia haifiki yote

JIRANI yangu mmoja nusura agombane na kampuni inayomletea huduma ya intaneti nyumbani. Yeye hulipia megabiti 40 kwa sekunde. Majuzi alipokuwa akipakua faili kubwa, tarakilishi yake ilimwonyesha kasi ya 4.7, basi. “Mzee, nimeibiwa mchana peupe,” akaniambia, risiti mkononi.

Nilimsihi asipige simu kwanza. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na vipimo tu. Kampuni huuza kasi kwa biti ilhali tarakilishi huonyesha faili kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Megabiti 40 ukizigawa kwa nane unapata megabaiti 5. Zilizopotea, basi, ni megabaiti 0.3 pekee. Hizo nazo zilikwenda wapi?

Zilichukuliwa na itifaki. Neno hili tumelirithi kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni makubaliano. Sisi wa chumba cha habari tumezoea kulitumia kwa mambo ya mabalozi na karamu za Ikulu, lakini wataalamu wa mitandao hawakukosea kulichukua. Tarakilishi mbili haziwezi kuwasiliana bila kuafikiana jinsi ya kuanza, kuhesabu, kukiri kupokea na kumaliza. Maafikiano hayo husafiri katika waya ule ule unaobeba data yako, na hula nafasi.

Msomaji aliyewahi kuona malori yakipimwa kwenye mizani ya Mariakani ataelewa upesi. Mizani haipimi mahindi peke yake. Hupima lori, kontena na mahindi kwa pamoja, na kontena tupu la futi 20 lina uzito unaozidi tani mbili. Mwenye mahindi hulipia safari ya chuma hicho ingawa hatakiuza sokoni.

Faili nayo haitumwi nzima nzima. Hukatwakatwa vipande, na kila kipande hutiwa katika pakiti. Katika mitandao ya Ethaneti, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi maofisini na majumbani, kwa kawaida pakiti haizidi baiti 1,500. Ndani yake, baiti 20 huchukuliwa na anwani za IP na maelezo yanayoandamana nazo. Baiti nyingine 20 ni za TCP, itifaki inayohakikisha kwamba hakuna kipande kilichopotea njiani, na aghalabu huongezwa baiti 12 za muhuri wa wakati. Faili yenyewe inabaki na baiti 1,448.

Hesabu haijakwisha. Ethaneti nayo huivika pakiti bahasha yake ya baiti 18, huitanguliza kwa ishara ya baiti 8 ili mpokeaji ajiandae, kisha huacha pengo la kimya linalolingana na baiti 12. Kwa hiyo waya hushughulika kwa muda wa baiti 1,538 ili kufikisha 1,448, yaani asilimia 94 hivi. Tukichukulia kwamba kasi ya jirani yangu inapimwa kwenye waya wenyewe, asilimia 94 ya megabaiti 5 ni 4.7. Hakuna aliyemwibia.

Hiyo ndiyo hali nzuri, pakiti inapojaa pomoni. Balaa huanza pakiti zinapokuwa ndogo, kwa maana bahasha haipungui ukubwa hata barua ikiwa na herufi moja. Mwaka 1984, John Nagle, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Ford Aerospace nchini Marekani, alieleza kwamba mtu aliyeketi mbele ya mtambo akibonyeza kitufe kimoja alituma pakiti ya baiti 41: moja ya herufi, 40 za vichwa vya itifaki. Gharama ya asilimia 4,000! Dawa aliyopendekeza ni kuwa mtumaji avikusanye vipande vidogo hadi apate jibu kwamba vya awali vimefika, ndipo avitume kwa pamoja.

Dawa hiyo haifai kwa maongezi ya simu kupitia intaneti, kwani sauti haiwezi kungoja. Mbinu moja maarufu ya kubana sauti huhitaji kilobiti 8 tu kwa sekunde. Ila hutumwa pakiti 50 kila sekunde, kila moja ikiwa na baiti 20 za sauti na 40 za vichwa. Kilobiti 8 zinageuka 24 hata kabla ya bahasha ya Ethaneti.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana katika hesabu ya baiti, nayo ni kungoja. TCP hutuma kiasi fulani, kisha husimama hadi mpokeaji akiri kupokea. Katika muundo wake wa awali kiasi hicho hakikuweza kuzidi baiti 65,535. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, na ujumbe kwenda na jibu kurudi ulichukua nusu sekunde au zaidi. Ukipiga hesabu utaona kwamba mawasiliano mamoja hayangeweza kupita megabiti moja hivi kwa sekunde, hata kama njia yenyewe ingekuwa pana kama bahari. Marekebisho ya kupanua kiwango hicho yalichapishwa mwaka 1992, lakini yalifaa tu pale ambapo mitambo ya pande zote mbili iliyatumia.

Mawasiliano yasiyo ya waya ndani ya nyumba yana ubadhirifu mkubwa zaidi. Vifaa vyote hupokezana hewa ile ile, kila kimoja hungoja wenzake wanyamaze, na karibu kila fungu la data hudai jibu. Vifaa vya Wi-Fi vya kiwango cha mwaka 2003, vilivyoandikwa megabiti 54 kwenye maboksi yao, vilifikisha nusu ya kasi hiyo au pungufu. Watengenezaji hawakusema uongo; walitangaza uzito wa lori na kontena lake.

Tulirudi kwa jirani tukaunganisha tarakilishi kwa kebo. Ikasoma 4.7, sawasawa na hesabu yetu. Kisha bintiye akatuletea rununu kutoka chumba cha mwisho, ambako huduma hupenya kuta tatu za mawe. Ilisoma 1.9. Hapo jirani akaifutika risiti mfukoni, akaanza kuulizia bei ya kebo ya mita 20.