Dawa Moja kwa Maradhi Matatu? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia pale mgonjwa anapotoka kwa daktari na cheti chenye majina matatu: kifafa, kipandauso na baipola, ugonjwa unaompandisha mtu hadi akakesha siku tatu akipanga biashara kumi, kisha ukamshusha hadi hataki hata kuoga. Nilisema maradhi haya huandamana mara nyingi mno kuweza kuitwa bahati mbaya. Leo tuingie kwenye vidonge.

Nianze na kisa cha Ufaransa. Asidi ya valproiki ilitengenezwa mwaka 1882, na kwa miaka themanini haikuwa dawa ya chochote. Wanakemia waliitumia kuyeyushia vitu vingine. Mwaka 1962 kijana mtafiti, Pierre Eymard, alikuwa akijaribu michanganyiko yake mipya, kila mmoja ukiwa umeyeyushwa humo. Ajabu ni kwamba yote ilizuia kifafa. Iliwachukua muda yeye na wenzake kutambua kwamba kilichofanya kazi ni kile kimiminika chenyewe. Baadaye mamlaka ya dawa ya Marekani iliikubali asidi hiyo, kwa jina la valproeti, kwa kifafa (1978), kwa baipola iliyopanda (1995), na kwa kuzuia kipandauso (1996).

Maradhi matatu, kidonge kimoja. Mtu wa Usangi anayeteremka hadi Mwanga mjini kwa gari la asubuhi kufuata dawa angesema basi, kazi imekwisha. Kwa mwanaume mara nyingi huwa karibu na kweli, akivumilia kunenepa, mikono kutetemeka na nywele kupungua, na ini likiangaliwa. Kwa mwanamke anayeweza kupata mimba, hapana. Kati ya kila watoto 10 waliokuwa tumboni mama akimeza valproeti, mmoja hivi huzaliwa na kasoro ya mwili, na 30 hadi 40 kati ya 100 hupata shida ya kujifunza au kukua kiakili. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa wasipewe kwa kifafa wala kwa baipola. Nalisema wazi kwa sababu bado nakutana na mabinti wanaoimeza bila kuambiwa neno.

Fenobabitali je? Ndiyo dawa kongwe, inatumika kwa kifafa tangu 1912, na bei yake haimtishi mkulima. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari wa Kinorwe, Louise Jilek-Aall, alipoanzisha kliniki ya kifafa kule Mahenge, dawa hii iliwarudisha shambani na jikoni watu waliokuwa wamefichwa kwa miaka. Naiheshimu. Lakini inalegeza mwili, inaweza kuuzamisha moyo ulioinama tayari, na kwa kipandauso si tegemeo.

Kabamazepini hutuliza kifafa na baipola iliyopanda, ila kichwa hukiachia mwenyewe. Pia ina jambo ambalo dada zetu hawaelezwi vya kutosha: hulichochea ini liteketeze homoni haraka, hivyo vijiti vya mkononi na vidonge vya uzazi wa mpango hudhoofika. Fenobabitali nayo hufanya vivyo hivyo. Kitanzi na sindano ya miezi mitatu haziguswi.

Topirameti huzuia kifafa na kipandauso. Baipola haiitibu, na baadhi ya watu huwaibia maneno: mwalimu anasimama mbele ya darasa, jina la kitu analijua, ulimi haulipati. Nayo haifai kwa mimba. Lithiamu, ambayo John Cade wa Australia aliitangaza mwaka 1949, bado ni nguzo ya baipola, lakini damu ipimwe mara kwa mara. Mkata mkonge wa Kisangara anayepoteza maji na chumvi juani kutwa nzima anaweza kuona kipimo cha jana kimekuwa sumu leo. Akichomwa sindano ya diklo kwa ajili ya kichwa, hatari huzidi, maana diklofenaki huzuia lithiamu kutoka mwilini.

Kwa mwanamke mwenye matatu haya, maoni yangu ni kwamba mazungumzo na daktari yaanze na lamotrijini. Hushika kifafa, huzuia baipola isizame, na kwa mimba ni miongoni mwa zilizo salama zaidi. Inachotaka ni subira. Huanza na miligramu 25 kwa siku kwa wiki mbili, kisha hupanda ngazi kwa ngazi. Akiwa tayari anatumia valproeti, humeza hizo 25 siku moja na kuruka siku inayofuata. Anayeruka ngazi hukaribisha vipele vinavyoweza kuchubua ngozi ya mwili mzima. Kipele kikitokea wiki za mwanzo, aonwe siku hiyohiyo. Kipandauso kinaweza kuongezewa propranololi, mradi mtu hana pumu.

Sasa duka la dawa muhimu, ambako safari nyingi huharibikia. Amitriptilini, inayotolewa sana kwa kichwa, inaweza kuipandisha baipola. Tramadoli inaweza kuamsha kifafa kilicholala. Hata Panadol, ikimezwa siku 15 au zaidi kila mwezi, huzaa maumivu mapya ya kichwa, na mtu huongeza nyingine kuyatibu hayo.

Ndiyo maana nasisitiza daftari. La shule linatosha, safu tatu: siku za kichwa, siku za kuanguka, na saa za usingizi, kwa kuwa baipola hubisha hodi kupitia usingizi kabla ya kitu kingine. Mgonjwa abadilishiwe dawa moja kwa wakati, au hamtajua iliyosaidia ni ipi na iliyomtapisha ni ipi. Asiache ghafla hata kama amechoka nayo: kifafa kinaweza kurudi kwa mfululizo usiokatika.

Mtu wa milimani ashuke kufuata dawa vikiwa vimebaki vidonge vya wiki mbili, na boksi tupu mfukoni ili mfamasia asome jina mwenyewe. Barabara ya Usangi wakati wa masika haina ahadi, na aliyekatiza lamotrijini kwa siku kadhaa huenda akalazimika kurudi kwenye zile miligramu 25.

Juma lijalo: mimba, kunyonyesha, na mama mkwe anayesema dawa zitupwe.