Seva ya dukani: Mauzo ya leo yamelala diski gani?

WAFANYABIASHARA wengi wadogo wanaotumia kompyuta wamekwisha kuchoka na flashi. Ankara ziko kwenye flashi moja, orodha ya wadaiwa kwenye nyingine, picha za risiti zimo ndani ya simu ya kijana wa kaunta. Siku ofisa wa kodi anapobisha hodi, hakuna anayejua kipi kiko wapi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 nchini Tanzania, na ile ya Taratibu za Kodi ya Kenya ya mwaka huo huo, zote zinataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5. Ni flashi chache zinazofika huko bila kupotea.

Dawa mojawapo ni seva ya nyumbani, yaani kompyuta ya kawaida, hata iliyotumika, iliyowekewa diski mbili tatu na kuunganishwa kwa waya kwenye ruta ya duka. Kompyuta nyingine zote, ya kaunta, ya stoo na ya mwenye duka, huona folda zile zile ndani yake. Zipo programu za bure za kuendesha mashine ya namna hii, kama TrueNAS na OpenMediaVault. Hapa tutaangalia Unraid ya kampuni ya Lime Technology ya Marekani, iliyoanza kutoka mwaka 2005. Leseni yake inalipiwa, baada ya majaribio ya siku 30, lakini inakubali kuchanganya diski za ukubwa tofauti, na mwenye mtaji mdogo hanunui diski nne kwa mkupuo.

Kabla ya kugusa folda, ni vyema ikaeleweka jinsi mashine hii inavyolinda mali. Diski moja hutengwa kuwa ya pariti, nayo lazima isiwe ndogo kuliko diski yoyote ya data. Tuchukulie diski tatu zina namba 4, 7 na 2. Pariti huandika jumla, 13. Diski yenye 7 ikifa, mashine hutoa 4 na 2 katika 13 na kuirudisha 7 kwenye diski mpya. Hesabu yenyewe ndani ya mashine ni ya namna nyingine, lakini maana ni hiyo.

Ulinzi huo una gharama. Kila unapoandika faili, mashine husoma yaliyokuwapo kwenye diski ya data na kwenye pariti, kisha huandika upya pande zote mbili. Waya wa mtandao wa gigabiti hupitisha megabaiti kama 110 kwa sekunde, lakini kuandika kwenye diski zenye pariti mara nyingi hushuka hadi nusu ya hapo au pungufu.

Ndipo inapoingia diski ya kache. Hii ni diski ya mapokezi, kwa kawaida SSD yenye kasi, ambayo haimo katika hesabu ya pariti. Faili hutua hapo haraka, kisha baadaye kazi iitwayo Mover huzihamishia kwenye diski kubwa. Ni kama magunia yanayoshushwa barazani jioni lori likiwa na haraka, yaingizwe stoo usiku. Mvua ikinyesha kabla hayajaingizwa, ni hasara ya mwenye mali. Vivyo hivyo, diski ya kache ikiwa moja tu na ikafa, vilivyomo vimekwenda.

Sasa angalia saa. Unraid ikiwekwa bila kubadilishwa chochote, Mover hufanya kazi mara moja kwa siku, saa 9:40 usiku. Kwa mashine inayowaka siku zote hakuna tatizo. Lakini ni maduka mangapi ya kwetu yanayoacha kompyuta ikiwaka usiku kucha? Mwenye duka huzima kila kitu saa 2 usiku, kwa kuogopa bili ya umeme au moto, naye ana haki. Matokeo yake Mover haifanyi kazi hata siku moja. Mauzo ya wiki, ya mwezi, hata ya msimu mzima wa pembejeo hubaki kwenye kache, na mwenye mali anaamini pariti inamlinda.

Wapo wanaoshauri Mover iwekwe saa 7 mchana. Ushauri huo ni nusu tu, kwa sababu Mover huruka faili iliyofunguliwa. Programu ya mauzo iliyo wazi kaunta tangu asubuhi itaachwa pale pale, na hiyo ndiyo iliyohitaji kulindwa kuliko zote. Kwa anayezima mashine jioni, mpango unaofaa ni huu: funga kwanza programu ya mauzo, ingia ukurasa mkuu wa seva, bofya kitufe cha Move, subiri imalize, kisha ndipo uzime.

Lakini kwa maoni ya mwandishi, folda ya mauzo haihitaji kache kabisa. Mafaili ya hesabu ni madogo, na hakuna karani atakayehisi uzito wa pariti anapohifadhi ankara moja. Kache iachiwe folda ya picha na video, kwa mfano ya mwenye studio anayemwaga picha 600 za harusi kwa mara moja.

Mipangilio hiyo hufanywa kwa kila folda peke yake, kwenye ukurasa wa Shares. Tangu toleo la 6.12 la mwaka 2023, unaulizwa hifadhi ya kwanza na hifadhi ya pili. Folda ya mauzo: ya kwanza iwe Array, yaani kundi la diski zenye pariti, basi. Folda ya picha: ya kwanza iwe Cache, ya pili Array, na mwelekeo wa Mover uwe kutoka Cache kwenda Array. Mwenye toleo la zamani ataona maneno Yes, No, Only na Prefer. Wengi hudanganyika na Prefer wakidhani ni Yes yenye adabu zaidi. Sivyo. Prefer huvuta faili kutoka diski kubwa na kuziweka kwenye kache zikae huko.

Mwenye uwezo anunue SSD mbili na kuziweka pamoja kwa mfumo wa btrfs au ZFS, kila moja ikiwa nakala ya mwenzake. Hapo hata kache inapata ulinzi. Aidha, weka kiwango cha chini cha nafasi kwenye kache, kiwe kikubwa kuliko faili kubwa unayotarajia, ili ikikaribia kujaa faili mpya ziende moja kwa moja kwenye diski kubwa badala ya kukwama njiani.

Folda pia ina mlango. Public maana yake yeyote aliye kwenye mtandao husoma na kufuta, na kama Wi-Fi ya wateja ni hiyo hiyo ya duka, yeyote ni pamoja na mteja. Secure: wote husoma, uliowachagua huandika. Daftari la wadaiwa liwe Private. Na majina yaandikwe kwa namna moja, kwani kwa seva "Mauzo" na "mauzo" ni folda mbili, wakati Windows huona moja.

Umeme ukikatika ghafla, mashine ikiwaka tena huanza kukagua pariti, kazi ya saa nyingi kwa diski kubwa. UPS ndogo inayounganishwa kwa waya wa USB huiambia seva ijizime taratibu. Pariti haizuii mwizi, moto wala mkono uliofuta kwa makosa, hivyo nakala nyingine kwenye diski ya nje ikae nyumbani, si dukani.

Asubuhi, kabla ya kufungua milango, tazama alama iliyo kando ya jina la kila folda. Duara la kijani maana yake faili zote zimelindwa. Pembetatu ya njano maana yake zipo ambazo bado ziko barazani.