Kevin: Jina la mtakatifu lililowaponza watoto darasani

Wazazi wengi humpa mtoto jina la Kevin kwa sababu linapendeza kutamka. Wachache wanajua limetoka wapi.

Asili yake ni Ireland. Kwa Kiairishi huandikwa Caoimhín, likiwa na maana ya mpole au mpendwa tangu kuzaliwa. Mtakatifu Kevin alianzisha monasteri ya Glendalough, katika milima ya Wicklow, karne ya 6. Wakatoliki humkumbuka kila tarehe 3 Juni.

Kwa muda mrefu jina hilo lilikuwa la Waairishi tu. Katika karne ya 20 lilienea Uingereza na Marekani, kisha filamu zikalifikisha mbali zaidi. Mwaka 1990 ilitoka Home Alone, ambayo shujaa wake ni mtoto aitwaye Kevin. Mwaka uliofuata jina hilo liliongoza Ujerumani, na nchini Ufaransa wakapewa wavulana zaidi ya 13,000.

Baadaye mambo yaligeuka. Jina likaanza kudharauliwa, likionekana la familia zisizo na elimu wala kipato. Mwaka 2009, utafiti wa Chuo Kikuu cha Oldenburg, Ujerumani, ulionyesha kuwa walimu wengi waliohojiwa walimhusisha Kevin na utukutu na udhaifu wa masomo, ingawa hakuna mtoto waliyeonyeshwa.

Mzazi, chagua jina unalojua maana yake na umweleze mwanao. Atakapochekwa, awe na la kujibu. Na ukikutana na mtoto wa mwenzio, mpime kwa tabia yake, si kwa jina alilopewa.