Kosa na Hitilafu: Programu ya Nyuzi Nyingi na Rekodi za Lugha za Mbulu na Hanang

Mkusanyaji anayerekodi masimulizi ya Kiiraqw wilayani Mbulu, au ya Kidatooga wilayani Hanang, hana budi kuzipeleka faili zake katika hifadhi ya mbali. Aghalabu njia iliyopo ni mtandao wa simu, ambao katika nchi ya milima na mabonde huweza kukatika bila kuaga. Programu ya Python huharakisha kazi hiyo kwa kuigawa katika nyuzi kadhaa: uzi mmoja ukingoja jibu, mwingine huendelea kutuma.

Hatari imo humo humo. Katika moduli ya concurrent.futures, iliyoingizwa katika toleo la 3.2 mwaka 2011, uzi ukipatwa na hitilafu haupigi kelele. Hitilafu hufungiwa ndani ya kitu kiitwacho Future, nayo haijitokezi mpaka uzi mkuu uite result. Asiyeita huona programu imemalizika salama. Hufuta nakala zilizomo katika kinasa sauti, kumbe masimulizi ya mzee fulani hayakufika, na pengine mzee mwenyewe hayupo tena wa kuyarudia.

Tena, soketi ya Python isiyowekewa kikomo cha muda huweza kungoja milele. Kikomo kikiwekwa, kungoja huko hugeuka TimeoutError, jambo linaloweza kushughulikiwa.

Kulishughulikia vipi? Hapa Kiswahili chenyewe kina msaada, ingawa watunga istilahi wengi hulitumia neno moja kwa mambo mawili. Kosa lina mkosaji; hitilafu, neno lenye asili ya Kiarabu ambako maana yake ni tofauti au kutopatana, si lazima iwe na mwenye lawama. Mawimbi ya simu yakipotea, hiyo ni hitilafu: uzi ungoje kidogo, ujaribu tena, kila mara ukirefusha muda wa kungoja, na kwa idadi maalumu. Nywila ikiwa si sahihi, hilo ni kosa, na kulirudia mara kumi ni kulirudia tu.

Jaribio la pili nalo lina mtego wake. Huenda faili ilifika, ila jibu ndilo lililopotea njiani; kwa hiyo kila faili itumwe kwa jina lile lile lisilobadilika, isije ikahifadhiwa mara mbili. Mwishoni uzi mkuu ukusanye majina ya zilizoshindikana, kisha alama ya uhakiki ya kila faili iliyofika ilinganishwe na ya nakala ya awali kabla kinasa sauti hakijafutwa.