Mchoraji Akiuza Picha, Huwa Ameuza Nini?

Msomaji wa Mombasa au Malindi akisikia jina la Kitale, kinachomjia kwanza ni mahindi. Wala hajakosea. Kaunti ya Trans Nzoia ni ghala la nchi, na mji wa Kitale ulikua kwa mashamba na reli. Lakini Kitale na jirani yake Bungoma kuna wachoraji pia, watu wanaolisha jamaa zao kwa brashi kama wenzao wa Lamu na Diani. Tofauti ni kwamba wao wako mbali na galeri za Nairobi, na mbali zaidi na mtalii anayetembea ufuoni na pesa mfukoni. Ndiyo maana ukitaka kuelewa kuuza picha kuna maana gani kwa mtu ambaye kazi yake ni hiyo, ni vyema kuanzia huko.

Katika mji wa kilimo, mchoraji huishi zaidi kwa kazi za kuagizwa. Mwenye duka anataka jina lake ukutani. Muuzaji wa dawa za mifugo anataka ng'ombe mnene juu ya mlango. Mwalimu mkuu anataka ramani ya Kenya kwenye ukuta wa darasa, na familia inataka sura ya marehemu baba yao ichorwe kutoka picha ndogo ya kitambulisho. Hizo ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Picha aliyoichora kwa kupenda mwenyewe hungoja pembeni, ikisifiwa na kila apitaye. Waswahili tunasema chanda chema huvikwa pete. Sifa bila pete hazinunui rangi.

Hesabu ya picha moja

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa ajili ya hesabu tu. Picha imewekwa kwenye galeri mjini Nairobi kwa shilingi 15,000. Kanvasi, rangi, fremu na nauli ya kuisafirisha vimegharimu 4,500. Galeri inabakisha asilimia 40, yaani 6,000. Kiwango hicho si cha ajabu, maana galeri nyingi duniani huchukua hata nusu. Mchoraji amebaki na 4,500. Ikiwa alikaa siku kumi akiichora, amepata shilingi 450 kwa siku, na hapo hatujahesabu miezi ambayo picha ilikaa ukutani bila mnunuzi.

Kwa hiyo mnunuzi anapodai apunguziwe hadi 8,000 kwa kuwa "ni rangi tu na kitambaa", ajue anachokata. Kanvasi haitapungua bei dukani, wala nauli. Kinachokatwa ni siku za mtu. Na pesa ya picha iliyouzwa, kwa mchoraji, maana yake ya kwanza ni muda: wiki mbili za kuchora picha nyingine bila kukimbilia kibarua. Asiyeuza huacha kuchora, hata awe na kipaji namna gani.

Maana ya pili iko nyumbani. Wazazi wengi, bara na pwani, bado huuliza kijana mchoraji ataanza kazi lini. Siku anapoleta unga na karo kutokana na picha, suali hilo huisha lenyewe.

Mahindi na picha

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wachoraji wengi hawaambiwi. Mkulima wa Kitale akiuza gunia la mahindi, ameuza kila kitu. Mnunuzi akitaka atalisaga, akitaka atalipanda. Picha si hivyo. Anayenunua picha amenunua kitu chenyewe: anaweza kukitundika, kumpa zawadi mtu, au kukiuza tena. Lakini haki ya kuinakili picha ile, kuichapa kwenye kalenda, kadi au fulana, inabaki kwa mchoraji. Hiyo ndiyo hakimiliki, na kwa sheria ya Kenya hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ni kama mkulima aliyeuza mahindi akabaki na mbegu.

Hata hivyo kuna mtego, na unawanasa hasa wachoraji wa miji kama Kitale na Bungoma. Kazi ikiwa ya kuagizwa, sheria yetu huchukulia kwamba hakimiliki imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Yule ng'ombe wa duka la dawa, akiwa ameagizwa na hakuna karatasi, mwenye duka anaweza kumchapa kwenye mifuko yake yote na mchoraji asipate hata senti. Ibara moja ya maandishi kabla ya kuanza kazi ingebadilisha mambo.

Sheria pia ina mpaka wake. Inalinda kazi, hailindi mtindo. Tuna mfano mkubwa hapa Afrika Mashariki. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa kusini mwa Tanzania mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia rangi za mafuta kwenye vipande vya mbao vya mraba, na picha zake zikiuzwa kwa wageni huko Oysterbay. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Aliuza kwa miaka michache tu. Leo chui na ndege wa mtindo wake wanauzwa Zanzibar, Mombasa na Malindi. Wachoraji waliomfuata wameishi kwa mtindo huo, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika Dar es Salaam. Mtindo ulilisha wengi, ila hakuna sheria ambayo ingemlipa mwanzilishi kwa kila chui.

Picha ikiuzwa mara ya pili

Lipo suali lingine: picha ikipanda bei baada ya kutoka mkononi mwa mchoraji, faida ni ya nani? Mwezi wa Novemba 2019, picha ya Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's mjini New York kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Pesa za mnada wa namna hiyo huenda kwa aliyekuwa akiimiliki picha, na sheria ya Marekani haimlazimishi kumpa mchoraji sehemu yoyote.

Ufaransa iliona dhuluma hiyo mapema, ikatunga sheria ya kumpa mchoraji fungu mwaka 1920. Kenya ilifuata mwaka 2019 kwa kurekebisha Sheria ya Hakimiliki: picha ikiuzwa tena kibiashara, mchoraji anastahili asilimia 5 ya bei. Lakini haki hiyo haiji yenyewe mlangoni. Ni lazima ijulikane picha ni ya nani na imepitia mikono gani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi kwa mchoraji, awe Kitale au Kilifi, daftari ndiyo ngao. Kila picha itiwe sahihi na tarehe, ipigwe picha kabla haijaondoka, na jina la mnunuzi na bei viandikwe. Risiti iseme wazi kwamba kilichouzwa ni picha, na hakimiliki imebaki. Kazi ya kuagizwa iwe na makubaliano ya maandishi. Hakimiliki huwepo hata bila kusajiliwa, lakini kusajili kazi kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, hukupa ushahidi siku ya mzozo.

Na kwetu sisi wanunuzi, wenye hoteli na nyumba za wageni hasa, tujue tunachonunua. Ukitaka kuichapa picha kwenye kadi za biashara yako, muulize mchoraji na umlipe kwa hilo. Ukiitaka ya ukutani tu, lipa bei yake na umwandikie jina lako kwenye daftari lake. Pesa hiyo ndiyo itakayomwezesha kuchora nyingine.