Dakika 94 kwa TSh 19,975

Niliweka saa ya simu pembeni ya skrini kabla sijabonyeza kitufe cha kwanza. Gemu ni A Short Hike, ya Mkanada Adam Robinson-Yu, iliyotoka mwaka 2019. Ndege mdogo aitwaye Claire yuko kwa shangazi yake May, askari wa hifadhi ya kisiwani ya Hawk Peak. Anasubiri simu muhimu, na mtandao unapatikana kileleni tu. Kwa hiyo anapanda: anaruka, anakwea miamba, anateleza angani. Hakuna adui wala kufa, na hakuna anayekuhesabia muda. Nilifika juu, simu ikaita, nikashuka. Saa ilisoma dakika 94.

Bei yake ya kawaida ni dola 7.99. Lalamiko linalosikika sana juu ya gemu za aina hii ni kwamba saa moja na nusu kwa bei hiyo ni kuibiwa. Ndani ya lalamiko hilo mna hesabu, na hesabu inakaguliwa.

Kwanza shilingi. Nimekadiria dola moja kuwa TSh 2,500, hivyo gemu inakuwa TSh 19,975. Mwaka 2024 dola ilipita TSh 2,600, na kwa kiwango hicho bei inakuwa TSh 20,774, yaani nyongeza ya TSh 799 au 4%. Kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ina uzito zaidi. Duka likitoza ile ya kawaida ya Tanzania ya 18%, inaongezeka TSh 3,595 na jumla inafika TSh 23,570. Kwa Kenya, nikichukua KSh 130 kwa dola, ni KSh 1,039 bila kodi na KSh 1,205 pamoja na VAT ya 16%. Wanaobishana kuhusu bei hutazama sana dola, ilhali hapa kodi inasogeza bei mara nne na nusu kuliko dola ilivyoisogeza. Kuanzia sasa nabaki na TSh 19,975, bila kodi.

Kipimo chenyewe nitakiita bei kwa dakika: bei ya gemu ukiigawanya kwa dakika ulizocheza. Kwangu ilikuwa TSh 212.5, sawa na TSh 12,750 kwa saa. Super Mario Odyssey ya Nintendo, iliyotoka mwaka 2017 kwa dola 59.99, ni TSh 149,975. Hadithi yake niliimaliza kwa saa 13, nayo ikanigharimu TSh 11,537 kwa saa. Tofauti ni TSh 1,213, kama 10%. Gemu inayoitwa fupi na ghali imekaribiana na gemu inayosifiwa kwa wingi wa vitu, ingawa kulipia hiyo ya pili ilibidi nitoe mara saba na nusu zaidi kwa mkupuo.

Mtetezi wa Odyssey atasema hadithi si gemu nzima, na yuko sahihi. Ina vitu 880 vya kipekee vya kukusanya, vyenye umbo la mwezi, na 124 tu vinatosha kufikia mwisho wa hadithi: 14%. Anayeendelea hadi saa 60 anashusha bei hadi TSh 2,500 kwa saa. Lakini A Short Hike nayo ina mabaki. Niliporudi kutafuta manyoya yote ya dhahabu, yanayomwongezea Claire nguvu za kupanda, jumla ikafika dakika 280 na bei ikashuka hadi TSh 4,280 kwa saa. Kwa kipimo hiki Odyssey inashinda, mradi tu mchezaji atacheza hizo saa 47 za ziada. Mimi sikuzicheza. Anayenunua gemu kubwa na kuiacha katikati hana haki ya kutumia kigawanyo cha aliyeimaliza.

Kipimo kina kasoro nyingine, na hii niliiona kwenye daftari langu. Nilikuwa naandika kila dakika imekwenda wapi. Kupanda na kutafuta njia kulichukua 38. Kuvua samaki 21. Kuzungumza na wanyama waliopiga kambi hifadhini 17. Kupigapiga mpira kwa fimbo ufukweni 11. Kuteleza angani na kusimama tu nikitazama bahari, 7. Ningekwenda moja kwa moja bila kugeuka, dakika 38 zile zingenipa bei ya TSh 31,539 kwa saa. Kipimo kinasema kupotea njia ni akiba na kucheza vizuri ni hasara. Mtengenezaji anayekitii atarefusha njia, ataongeza vitu vya kuokota, atakurudisha ulikotoka. Gemu nyingi kubwa zimejaa kazi za namna hiyo, na mchezaji huzilipia mara mbili, kwa pesa na kwa jioni zake.

Hapa ndipo napenda jinsi kisiwa hiki kilivyojengwa. Kila unyoya wa dhahabu unampa Claire pigo moja zaidi la mbawa, au kipande kingine cha mwamba kabla nguvu hazijamwisha. Yapo 20, na wala hayatakiwi yote ili ufike kileleni. Mengine unayanunua kwa sarafu unazookota, mengine unapewa, mengine yamefichwa. Juu, kwenye theluji, manyoya yanaganda na kuwa ya samawati na hayarudi mpaka upate joto. Nikiwa chini ya mwamba wa mwisho nilibakiwa na mawili. Nikarudi nyuma nikitafuta pa kuyayeyusha, nikajaribu tena kutoka upande mwingine. Dakika sita zilikwenda hapo, sawa na TSh 1,275, na ndizo ninazozikumbuka kuliko zote.

Kwetu bei kwa dakika si nadharia. Kwenye kibanda cha gemu cha mtaani kwangu mechi moja ya mpira ya dakika kumi ni TSh 500, yaani TSh 50 kwa dakika, chini ya robo ya zile 212.5. Ila mwenye kibanda ndiye aliyenunua mashine, runinga na umeme. Nyumbani mzigo huo ni wako. Nintendo Switch Lite ilianza kuuzwa mwaka 2019 kwa dola 199.99, TSh 499,975 kabla ya usafiri na ushuru. Ukiinunua pamoja na A Short Hike, gemu ni chini ya 4% ya ulichotoa mfukoni. Mashine ikitumika saa 1,000, karibu saa moja kila siku kwa miaka mitatu kasoro, inaongeza TSh 500 kwa saa. Ikitumika kwa gemu hii moja tu, inaongeza TSh 5,319 kwa kila dakika. Mwenye kompyuta ya mkononi ya kawaida anaweza kuikwepa gharama hiyo, maana gemu ni nyepesi.

Upande wa mtengenezaji nao una hesabu. Duka la mtandaoni la Steam hukata kamisheni ya 30% kwa kiwango chake cha kawaida, hivyo katika TSh 19,975 zinabaki TSh 13,982. Duka la itch.io hupendekeza 10% na kumwachia muuzaji uamuzi. Kwa kiwango hicho cha 10% zinabaki TSh 17,977, kabla ya ada za malipo. Robinson-Yu aliijenga kwa takribani miezi minne, kwa ufadhili wa Humble Bundle, akiwa ameweka kando mradi mkubwa zaidi. Tuseme mtu mmoja anahitaji dola 4,000 kwa mwezi, dhana yangu: kazi ingejilipa kwa nakala 2,861 Steam au 2,225 itch.io. Dhana hiyo ni dhaifu. Hayamo malipo ya Mark Sparling aliyetunga muziki, wala miaka ya kujifunza kabla ya miezi minne hiyo. Inaonyesha ukubwa tu: nakala elfu chache, si milioni. Picha zenye chembe kubwa zimesaidia, kwani hazidai msitu uchorwe jani kwa jani. Mwaka 2020 gemu hiyo ilishinda tuzo kuu ya Seumas McNally kwenye tamasha la gemu huru nchini Marekani.

Na bei yenyewe haikusimama mahali pamoja. Machi 2020 duka la Epic liliitoa bure. Juni mwaka huohuo ilikuwa kwenye kifurushi cha hisani cha itch.io: zaidi ya kazi 1,700 kwa mchango usiopungua dola 5. Ukigawanya sawasawa, kila kazi inapata TSh 7, na dakika zangu 94 zingegharimu chini ya senti 8 kila moja. Hakuna aliyecheza kazi zote 1,700, kwa hiyo mgawanyo huo ni wa karatasi tu. Waliochangia walikuwa zaidi ya 800,000 na walitoa zaidi ya dola milioni 8, karibu dola 10 kwa mtu, mara mbili ya kiwango cha chini walichoombwa.

Baada ya simu nilijirusha kutoka kileleni. Kisiwa chote kilikuwa chini yangu: mto niliovuka, ufukwe wa mpira, mti nilioshindwa kuupanda mara ya kwanza. Kidole kilikaa juu ya kitufe kimoja mpaka nyumba ya shangazi May ikaonekana. Dakika mbili, TSh 425. Nikageuka, nikaanza kupanda tena.